Kikohozi

Kanuni imenifunga mikono kabla hujakaa:
nikiwa na kumi na sita, navuta,
nikiwa na kumi na saba, natulia.
Sichagui. Mwenye kuchagua ni wewe,
nawe umevuka mpaka kwenye mvua mpaka Batumi
ili uje unitazame mimi usoni.

Otari alinifunza wiki ya kwanza,
chumba cha nyuma, kando ya mashine ya kahawa:
"Mzevinari, karata hazina haraka. Haraka ni yako.
Aliyepoteza mpe nyingine kabla hajahesabu.
Aliyeshinda mlipe kwa vibao vidogovidogo,
maana kikubwa hutiwa mfukoni, kidogo hurudi mezani.
Na jumla yake usiitaje kama hakimu.
Kumi na mbili ina njia mia za kutamkwa."

Nikazijua njia zake.
Kumi na mbili ya kupandisha, mtu anagonga meza.
Kumi na mbili ya kushusha, mtu anapunga kiganja.
Ree ikinitokea mbele nauliza, "Bima?"
kwa upole wa muuguzi aliyeshika sindano,
na mwanamume ambaye lori lake halijapata bima ya maana
miaka tisa
ananunua.

Huyo ni Hulusi, wa Rize, msafirisha vigae.
Januari nilikuwa na mafua.
Alishika kumi na sita, mimi kumi ya pau iko wazi.
Alipaswa kuvuta, hata mtoto angemwambia.
Nikakohoa.
Akaniangalia. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kushuka,
ukageuka hewani, ukapunga.
Nikafunua sita. Nikavuta tisa. Nikapasuka.
Akanisukumia bahashishi, akainama:
"Nimekuelewa, dada."

Nilichokuwa nimesema ni mafua.

Tangu hapo nikihamishwa meza, naye anahama.
Akamnong'oneza Siranushi, daktari wa meno wa Gyumri,
naye akamnong'oneza kijana wa Trabzoni mwenye pete,
na usiku wa Ijumaa viti vitano vinasikiliza kifua changu
kama madaktari waliokodiwa.
Karata yangu ya chini, jamani, siijui!
Imelala kifudifudi mbele yangu kama mbele yenu.
Hilo siruhusiwi kulisema.
Ninaloruhusiwa ni tabasamu, na hesabu.

Mafua yalipona. Kikohozi kikabaki,
kidogo, cha mazoea,
na sitaapa kwamba kila mara kilikuja chenyewe.

Halafu usiku ule wa Machi.
Hulusi aliweka pesa za matairi. Yote manne, na la akiba.
Kumi na mbili yake. Saba yangu.
Koo likaanza kuniwasha.
Nikikohoa, atatulia.
Nikimeza, atavuta.
Nikanywea ndani ya kola yangu nikitafuta
namna ya kutokuwa na uso.
Otari yuko nyuma, kamera iko juu, meza imenyamaza.
Nikakibana kikohozi mpaka macho yakajaa maji,
na tone moja, moja tu, likaponyoka.

Akalisoma na hilo.
"Unanifurahia," alisema taratibu. Akagonga meza.

Mfalme wa kopa.
"Ishirini na mbili," nikatamka,
na hii ina njia moja tu ya kutamkwa.

Mikono yangu ilizoa vibao.
Ningependa kusema ilisita.
Kabla hajainua macho kutoka pale vilipokuwa
karata nyingine ilikuwa imeshatua mbele yake.

Saa kumi alfajiri nikapiga makofi, nikageuza viganja
juu, chini, kamera ione: sikuchukua kitu.
Nje kunanyesha. Bondo ameshawasha tanuri.
"Mmoja au miwili?" ananiuliza, mkate wa moto mkononi,
nami, kabla sijajibu,
namtazama usoni.