Sululu 5

Saa kumi na mbili na robo, zamu ya usiku imenitoka nusu tu mwilini,
nusu nyingine bado inanuka spiriti.
Nashuka kutoka Bombo kwa miguu
hadi Bustani ya Jamhuri, benchi la tatu la saruji, lile lenye ufa,
kwa sababu pale hakuna kichaka kinachoziba bandari.

Septemba. Kusi limechoka, linavuta pumzi fupi fupi
kama mgonjwa wa kitanda cha sita.
Maji yamekupwa, matope yako uchi,
yanang'aa kama sinia lililolambwa.

Darubini yangu ina jicho moja zima; la pili nimelibandika plasta.
Daftari ni la joto la wagonjwa. Mbele:
thelathini na nane nukta mbili, thelathini na tisa.
Nyuma: ndege.

Kunguru siwaandiki. Wana kelele za wenye nyumba.
Naandika wageni.
Kitwitwi kumi na wawili, wanakimbia kwa miguu isiyoonekana,
ushanga uliokatika uzi.
Keremkerem mmoja juu ya waya wa umeme,
kijani ambayo hata kanga mpya haijaithubutu.
Mbayuwayu: bado. Nikaipigia mstari hiyo bado.

Kisha wale wa midomo iliyopinda, wanatembea kama wakaguzi.
Sululu 5.

Kivuli kikaangukia ukurasa. Semboja, mlinzi,
rungu kwapani, kikombe cha tangawizi mkononi.
Wiki mbili ananiona nikihesabu, nikitazama, nikiandika.
Wiki mbili anadhani nimetumwa.
Akasoma kwa kidole.
"Sululu tano." Sauti ikamkauka.
"Kumbe kweli wanaiuza bustani. Zinaanza lini kuchimba?"

Nikampa darubini. Nikamgeuza bega.
"Wameshaanza," nikamwambia.

Akanyamaza mpaka chai ikapoa.
Mdomo ulizama topeni, ukaibuka na kaa mdogo;
kaa akarushwa, akapotea.
"Hawa juzi walilala wapi?"
Pengine hawakulala, nikasema. Walikuwa hewani,
juu ya nchi nisizoweza kuzipanga,
kule ambako baridi imeshabisha hodi.
"Bila pasi?"
Bila hata begi.
Akacheka, halafu akaacha kucheka.
Mwanawe, nilikuja kujua baadaye, yuko Muscat mwaka wa nne,
na tangu Ramadhani simu yake haiiti.

Ijumaa sikwenda, wodi ilifurika. Jumamosi hivyo hivyo.
Jumapili nikakuta mgongoni mwa benchi, kwa mkaa,
herufi kubwa zinazopanda mlima:

SULULU WANANE.
MMOJA ANACHECHEMEA.
MBAYUWAYU NDIYE MWENYE MKIA WA PANDA?
KAMA NDIYE, KAFIKA.