Bingwa Asiyepanda

Tumetoka Manyoni na fuso ya Madeje, taa moja imekufa,
jezi kumi na nane zimo guniani, mbichi,
jasho la mtoano limeingia harufu ya zabibu
zilizopanda gari hilihili juzi kwenda mnadani.
Mbili kwa mbili kwa jumla.
Penalti, nne kwa tatu.
Mimi ni mweka hazina, hesabu kama hiyo hainisumbui.
Iliyonisumbua ni kimya,
kutoka Kintinku mpaka Bahi hakuna aliyekohoa.

Ndipo Chilongani, aliyekaa Ujerumani miaka mitatu
akijifunza kupika divai,
akaomba tochi, akapanga kreti tupu tano.
"Ligi ya nne kule ina kanda tano.
Kila kanda na bingwa wake, na kombe lake, na fataki zake.
Ila ligi ya tatu ina milango minne."

Akavuta kreti tatu pembeni.
"Hawa wanapita bila kubisha hodi.
Wawili waliobaki, mabingwa wote, sikilizeni, mabingwa,
wanakutanishwa. Nyumbani, ugenini.
Mmoja anapanda daraja.
Mwingine anarudi na kombe lake kulekule lilikotoka."

"Nani anachagua watatu?"
"Kanda mbili kubwa haziguswi.
Tatu nyingine zinapokezana, leo wewe, mwakani mimi,
kama zamu ya ndoo bombani."

Sailowa, kipa wetu, akacheka, wa kwanza kucheka tangu saa kumi:
"Wazungu na mashine zao zote
wameshindwa kugawa nne kwa tano?"
Basi gari zima likacheka,
hata dereva, ambaye hakuwa amesikia kitu.

Ndahani hakucheka.
Ana miaka kumi na tisa, na penalti ya tano ilikuwa yake;
mpira ulipita juu ya mwamba
ukaenda kuangukia uwanja wa mtu anayeanika ulezi.
Akauliza taratibu, macho kwenye zile kreti mbili:
"Yule wa pili. Yule bingwa.
Kesho yake anafanya nini?"

Chilongani akazima tochi.
Tulipita Dodoma, tukakata kona Ihumwa,
vumbi likatupokea kama mdai.

Asubuhi nafua kandokando ya bwawa la Hombolo.
Jezi namba tatu ina chokaa magotini,
nimeisugua mara mbili, chokaa imegoma,
nimeianika hivyohivyo.
Kisha nimefungua daftari.
Dizeli: deni.
Wali na maharage, watu ishirini na wawili: deni.
Bandeji: zililipwa na mama yake Sailowa.
Ubingwa wa mkoa:
hapo kalamu imesimama,
sijui niuweke upande wa mapato
au wa matumizi.
Upepo wa Julai unafunua kurasa,
nimeziwekea kipande cha sabuni.