Liache Lielee

Duka la Bi Chausiku, Magomeni Mapipa:
sindano za cherehani, mikanda,
mafuta ya mashine kwenye chupa za dawa ya kikohozi,
na nyuma ya kabati la vioo, kompyuta
niliyoiwekea Linux mwezi wa tatu
baada ya virusi kuifanya ya kwanza ijizime kila adhuhuri.

Hesabu za duka, lakini, zimo katika programu
aliyoiandika marehemu mumewe, Pazi, kwa vidole viwili,
na programu ya Pazi haikubali kuhama.
Basi nikamjengea chumba humo humo:
kompyuta ndani ya kompyuta, mashine pepe.
"Pepe," aliniuliza, "au pepo?"
Nikacheka peke yangu.

Leo kaniita. Mwisho wa mwezi.
"Elinami, njoo. Wamegombana."

Kweli wamegombana.
Naingia dirisha la Pazi, kipanya kinanaswa, hakitoki.
Nabonyeza Alt na Tab: madirisha ya nje yanaruka,
ya ndani nayo yanaruka,
kama nyumba ya kupanga ambamo hodi moja
huitikiwa na vyumba vyote.
Nalikuza lijae: skrini nyeusi tii.
Nalirudisha: msimamizi wa madirisha,
mwenye nyumba asiyetaka nafasi ipotee,
analisukuma ukutani, analibana na kikokotoo,
hadi tarakimu za Pazi zinakatwa vichwa:
laki mbili na themanini elfu
inasomeka themanini elfu.

"Mkosa nani?" anauliza, huku anahesabu bobini.

Mwenyeji anataka vitufe vyote
kwa kuwa nyumba ni yake.
Mgeni anataka vitufe vyote
kwa kuwa hajui kwamba ni mgeni.
Tangu alipowashwa ameambiwa yeye ndiye mashine nzima,
diski yake, saa yake,
na nje yake hakuna kitu.

Hilo sikumwambia.

Saa nane umeme ukakatika.
Feni ikajizungusha mara ya mwisho, betri ya akiba ikaanza kulia.
Akanimiminia chai ya tangawizi, akasema:
"Pazi alikuwa hivyo hivyo. Alikuja kwetu kuposa,
kesho yake kapanga upya makabati ya mama."
Sikujua nicheke au nitoe pole. Nikanywa chai.

Umeme uliporudi nilianza na mapambo:
vivuli vya madirisha, uwazi, mbwembwe zote nikazima.
Weusi ukaondoka. Ugomvi ukabaki.
Nikabadilisha toleo, nikajuta, nikarudisha la zamani.
Nikafungua kumbukumbu za mfumo, mstari kwa mstari,
kama anayechambua mchele akijua jiwe ni moja tu,
nikalikuta karibu na magharibi:
wote wawili wameomba kibodi
ndani ya sekunde ile ile.

Sikumfukuza mtu.
Mgeni nikampa vitufe vyake vyote,
nikabakiza kimoja, Kontroli ya kulia,
kiwe kizingiti: ukikibonyeza, umetoka.
Kisha katika faili la msimamizi
nikaongeza mstari mmoja:
dirisha lenye jina hili usilipange,
liache lielee.

Nikazima. Nikawasha.
Likafunguka katikati, kwa upana wake lenyewe,
halikuegemea ukuta wowote,
na kabla ya hesabu, kwa herufi za kijani:
KARIBU CHAU. UMEKULA?

Bi Chausiku akaweka bobini chini.
"Huwa inauliza," akasema. "Kila siku inauliza."

Kwenye kona niliona tarehe: imebaki nyuma miaka sita.
"Hiyo saa ya ndani niirekebishe?"

Akavaa miwani, akavuta kiti,
akaanza kuingiza mauzo ya Jumatatu.
"Kwani," akasema, "imekuzuia kazi gani?"