Saa ya Ogulsona

Mteja wangu wa mwisho Alhamisi ni Ogulsona,
simu kaifunga kwenye leso kama yai.
"Haishiki," asema. Siulizi nini.
Hapa Tejen neno VPN halitajwi kwa sauti;
twasema "ufunguo", na kila mtu aujua mlango.

Nashusha pazia nusu, nabonyeza.
"Inaunganisha." Kiduara chazunguka, chazunguka,
punda wa kinu asiye na nafaka.
"Imeshindikana."

Nazima, nawasha: hiyo ndiyo bismillahi ya fundi.
Naupima mtandao bila ufunguo: upo,
hali ya hewa yafunguka, vumbi kutoka jangwani.
Nabadili seva. Ufini, kimya. Uholanzi, kimya.
Ya Almaty yaitika sekunde tatu, yakata,
kama mtu aliyepokea simu akasikia sauti ya mdai.
Naufuta ufunguo wa pili, wa bure, aliowekewa na jirani;
mafahali wawili, zizi moja.
Naondoa kile kiokoa betri kinachoua kila kitu gizani.
Mwisho naujaribu ufunguo uleule kwenye kompyuta yangu,
ile iliyong'oka herufi Y:
wafunguka papo hapo, bila hata kukohoa.

Basi njia ni nzima. Ubovu ni wa simu,
au wa mwenye simu, jambo ambalo mteja haambiwi.

Yeye anaongea na chai iliyopoa.
Mwanawe Meretdurdy yuko Konya, anapaka rangi majumba.
Mjukuu, Yazgul, kaota jino.
"Nimeambiwa ni jino. Mimi sijaliona."

Ndipo jicho langu linapopanda pembeni mwa kioo.
Kumi na mbili na dakika tano.
Ukutani kwangu ni mbili na dakika tano, usiku umeingia.
"Mama, nani karudisha saa nyuma?"
"Mimi. Kwa kidole hiki.
Nikiitazama nijue kule wamekula, wamelala,
nisije nikawaamsha."

Simwelezi kwamba ufunguo wa aina hii
huulizana saa na seva kabla ya kupeana mkono,
na aliyepishana nayo dakika mbili tu huachwa nje.
Yeye kapishana nayo saa mbili nzima, kwa mapenzi.

Narudisha saa ya Tejen. Kiduara chazunguka
mara moja, chatulia.
Uso waja vipandevipande: paji, pua,
kisha ufizi, na juu yake kitu cheupe
kisichozidi punje ya mchele.
Nageukia ukuta, napanga bisibisi zilizokwisha pangika.

Anapoifunga tena leso anasimama.
"Na sasa nitajuaje kule saa ngapi?"

Kwenye droo kuna saa ya mkono, mwenyewe hakuirudia.
Naivuta nyuma saa mbili, nampa.
Ule wa simu, namwambia, Alhamisi ijayo huenda umekufa,
hufa zote, utarudi tutafute mwingine.
Hii nayo ina ufunguo wake:
unauzungusha asubuhi, taratibu, mpaka ugome.