Spana Namba Kumi na Tatu

Gari lililombeba lilizimika kabla ya Pandambili,
kwenye mwinuko uleule aliokuwa akiulaani.
Tukateremka, tukasimama pembeni mwa lami,
vitenge vikipigwa na upepo wa Julai,
mchungaji akatazama saa,
na watu wote, kama walioambizana,
wakanigeukia mimi.

Mimi, ndani ya koti la kuazima.
Mimi, spanaboi wake wa miaka kumi na mmoja.

Nikafungua boneti.
"Usiguse kwanza. Sikiliza."

Hivyo ndivyo alivyokuwa, Mesheki Ndahani:
ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni,
sikio la kulia, maana la kushoto lilishaliwa
na mashine ya kusaga ya mzee Chilewa.
Anafumba macho kama anayenong'onezwa siri,
kisha anataja ugonjwa: "Beringi ya pili. Ina kiu."
Madereva wa malori, wamepakia mahindi ya Kibaigwa
mpaka springi zimenyooka,
walicheka.
Wakafungua. Wakanyamaza. Wakalipa.

Wengine hawakulipa.

Daftari lake tulilifunua juzi, usiku wa pili wa matanga,
kurasa zimegandana kwa grisi:
*Mama Nyemo, cherehani, elfu nne, akivuna.*
Chini yake, kwa kalamu nyingine: *Hakuvuna.*
Mstari umepigwa.
*Mwalimu Lechipya, baiskeli. Amenisomea barua ya hospitali.
Tumemalizana.*
*Zahanati, jokofu la chanjo, usiku.*
Hapo hakuna bei. Hapo hapakuwahi kuwa na bei.
Mjane wake, Mbeleje, alicheka mpaka akalia,
au alilia mpaka akacheka:
"Na mimi nakopa chumvi dirishani kwa watu!"
Kisha hakucheka tena.

Sitampamba. Ulimi wake ulikuwa msasa.
Siku moja alinirushia jeki; ikanikosa, ikaua kuku,
akamlipa mwenye kuku, mimi hakuniomba radhi.
Mahafali ya binti yake hakuyaona,
kwa kuwa siku hiyo kisima cha Mtanana kiligoma,
na ndoo zilikuwa zimepanga foleni tangu alfajiri,
ndoo tupu, zenye mawe ndani zisipeperushwe.
Alipandisha bomba moja baada ya jingine,
siku mbili, ugali wa uwele akilishwa mdomoni
kwa sababu mikono haikushikika.
Maji yakatoka mekundu, yakatoka meupe.
Diwani alipofika na hotuba yake
fundi alikuwa keshalala chini ya trekta la mtu,
miguu tu nje.

Wengi wetu tulimjua kwa soli za viatu.
Unazisalimia soli: "Mbukwa, fundi!"
nazo zinacheza kidogo, zinaitika.

Leo pia amelala chali.
Ila soli hazionekani.

Nati ilikuwa ya kumi na tatu.
Nilipekua kisanduku cha dereva: kumi na mbili, kumi na nne,
koleo lililovunjika jino.
Spana ile moja ilikuwa mkobani mwa Mbeleje,
imefungwa kwenye leso, ikisubiri kaburi:
tulikubaliana aende nayo.
Akanitazama. Akafungua fundo kwa meno.

Chuma kilikuwa bado na joto la kwapa lake.
Nikasikiliza. Nikakaza. Injini ikakohoa, ikaguna,
na nyuma yangu mtu akasema "Amefufuka,"
akazibwa mdomo.

Shimo lilipojaa udongo mwekundu,
watoto wa shule walikuwa wakisikika kwa mbali,
wakiitwa na kengele yao:
rimu ya lori aliyoitundika yeye, mwaka wa ukame.
Nikatia mkono mfukoni. Spana ilikuwemo.
Hakuna aliyeniuliza. Mbeleje aliona, akatazama kando.

Jioni nilifungua daftari, ukurasa mweupe wa mwisho,
nikaandika kwa mwandiko wangu mbaya:
*Spana, namba kumi na tatu. Nimekopa.
Nitarudisha*

na tarehe nikaiacha wazi.