Karani wa Mizani

Bahasha mia na mbili, mezani nimezipanga,
Zatoka Pongwe na mbali, Muheza hata Mkinga,
Nataka mtu mkweli, wa kutupimia singa,
Mmoja nitamuunga, wengine hawana kazi.

Barua zimefanana, duka moja zimetoka,
Kwa jero moja kijana, jina lako abandika,
Ni waaminifu sana, wasiojua kuchoka,
Mwanamume aandika: "Mimi ni mama mlezi."

Semboja, wewe mgeni, kiti hiki chakuita,
Nikwambie ya moyoni, nisije nikayafuta,
Niliwahi, si utani, mpwa wangu kumleta,
Dada alinifuata, na jogoo na machozi.

Mwezi wa tatu kamili, kilo zikawa pungufu,
Mteja wetu wa mbali, akatuona hafifu,
Nikamuuliza swali: "Mjomba, mizani chafu."
Ndipo uliponikifu, ule wa kuku mchuzi.

Sasa, rafiki, nasema, usije mezwa na vyeti,
Na shati la kuazima, tai yabana sauti,
Mpe robota kupima, kalamu, tena wakati,
Atajisema kwa dhati, mkono husema wazi.

Na ujira uutaje, wala usile nauli,
Wa kukosa wasingoje, waandikie ukweli,
Usiseme "kesho uje", na kesho huna kauli,
Na simu yake halali, yamnyima usingizi.

Siku moja, ya mchana, kaja binti wa Maweni,
Bahasha mkono hana, baiskeli ya zamani,
Wasemezana kwa kina, na Mhando wa langoni,
Hakuomba asilani, wala kuitaja kazi.

"Robota hupimwa vipi? Nani hukagua jiwe?
Na wa mwanzo yuko wapi? Alikosani mwenyewe?
Masika ni paa lipi, ili singa zisilowe?"
Mhando kaona mwewe, kasema: "Mpelelezi!"

Nikamwita, nikahoji: "Nani kakutuma huku?"
"Ni yule muuza uji, mwampita kila siku,
Akanipa mpimaji, akanifundisha usiku,
Sikuwapa hata kuku, niliuliza ujuzi."

Huko ndiko kujuana, si kubisha kwa chakula,
Si majina kutajana, ya wajomba wa Mlola,
Ni kaa kuazimana, moto usije kulala,
Hupungukiwi mahala, hata unene wa uzi.

Kijana unayesaka, usiingie kinyonge,
Mlangoni ukifika, mlinzi usimtenge,
Muuza uji kicheka, maneno yake yachunge,
Juu kwanza usigonge, chini ndipo penye ngazi.

Sikumpa papo hapo, nikaita na wengine,
Watatu wa hizo wapo, yeye akawa wa nne,
Walipima mbio, papo, kila mtu nimuone,
Binti kangoja aone, kimya, kama mnunuzi.

Nikampa la kupima, kaitazama mizani,
Ikiwa tupu, kasema: "Yasoma nusu, kwa nini?"
Akaipangusa vyema, vumbi la tangu zamani.
Mpwa, nikawaza ndani, alilisema, na wazi.

Nami nilimfukuza, neno lake sikushika,
Sikwinama kuchunguza, aibu ilinifika,
Undugu ulimwingiza, na kwa undugu katoka,
Kupima sikukumbuka, wala mtu wala kazi.

Mwanatumu, jina lake, ghalani nimemwingiza,
Wa bahasha niandike, kila jina nikiwaza,
Kwa dada nami nifike, jogoo wangu kutuza,
Mpwa nikimuuliza, anakotafuta kazi.

Semboja, funga dirisha, bahasha vumbi zapata,
Hamsini zimekwisha, zilobaki zaniita,
Ya "mama" ikanichosha, kwa kicheko nikasita,
Nimejibu: "Ukipita, mwulize Mhando kazi."