Ufunguo wa Semboja

Mhina, usitie sahihi bado.
Irudishe kalamu kwenye kopo la maziwa ya unga
tunamoweka kalamu zisizoandika
na hiyo moja inayoandika.

Bwana wa kwanza alikuja na gari jeupe,
akaliegesha mbele ya mafundi baiskeli, Barabara ya Kumi na Mbili,
spoku zikawaanguka mikononi.
Milioni mia tatu, akasema,
kama mtu asemaye, "ongeza chumvi kidogo."
Akaisifu nembo yetu. Akaisifu chai.
Kisha, ameshasimama, anapapasa mfuko wa suruali:
"Ile orodha ya wafugaji nitumieni tu kwenye simu,
yote, vijana wangu waitazame wikendi."

Yote.
Orodha ile tuliiandika kwa miguu, Mhina.
Mle yumo Mama Nasemba wa Pongwe,
ng'ombe wawili, lita kumi na moja,
namba ya simu, namba ya kitambulisho,
na dole gumba alilolisugua kwa jivu na limau
mashine ilipokataa kumjua.
Yumo yule bibi wa Bwembwera alipwaye kila Ijumaa;
mwenye orodha ataijua Ijumaa yake,
ataijua saa, ataijua shilingi,
atajua kwamba meseji husomewa na mjukuu.

Kwetu husemwa: waja leo, warudi leo.
Mtaji, sawa, waja na kurudi.
Orodha ikishatoka haijui njia ya nyumbani.

Na mimi nilinyamaza. Usidhani nilikuwa na busara.
Nilikuwa nahesabu mishahara ya miezi miwili,
kodi ya Bwana Kilindo,
tangi la kupozea linalovuja kule Muheza.
Njaa inajua hesabu kuliko mhasibu.

Wa pili, Bi Salha Mbaruku, alitoka stendi kwa miguu,
viatu vyake vimejaa vumbi la saruji.
Milioni themanini, kwa awamu.
Hakusifu kitu. Chai ilipoa, ikafanya utando.
Akaomba umwonyeshe walioingia kwenye mfumo wiki hii,
akateremsha kidole polepole kwenye kioo,
akasimama.
"Semboja ni nani?"

Ulicheka. Semboja aliacha kazi mwezi wa tatu,
yuko Arusha, anauza paneli za sola.
"Basi ameingia juzi, saa nane usiku,
akakaa dakika arobaini."

Nikasikia feni.
Miaka miwili feni ile inalia, sikuwahi kuisikia.

Halafu akainua macho, akaitazama kalenda ya msikiti
na karatasi tuliyoibandika chini yake,
neno la siri la seva kwa wino mwekundu:
jina la kampuni, mwaka tulioanza.
Hakusema neno. Heri angesema.

Umempigia Semboja, nilikuwepo.
"Simu ile? Iliibiwa Idi iliyopita, ndugu yangu, kwani vipi?"

Sasa unaniambia milioni mia tatu zitanunua kufuli.
Labda. Lakini mgeni anayetaka kuhamia kwako
asiulize mlango unafungwaje,
ama hajawahi kuwa na nyumba,
ama hana haja ya mlango.

Na Bi Salha hakuahidi kitu, hilo nalo nalijua.
Alisema: safisheni, waambieni wenyewe,
kisha nitafuteni baada ya siku arobaini.
Siku arobaini ni nyingi kwa mtu anayedaiwa kodi.
Huenda asirudi.

Nimeibandua karatasi. Gundi imeacha alama ukutani,
mraba mweupe, mtu akiingia ataanza kuuona huo.
Semboja nimemfuta. Nimejifuta hata mimi
mahali nisipokuwa na kazi napo.

Kesho asubuhi naazima baiskeli, nakwenda Pongwe.
Sijui nitaanzaje.
Mama Nasemba atanikaribisha mtindi kabla sijafungua kinywa,
na itanibidi niunywe,
kisha nimwambie.